Kapteni Hakuomba Radhi

Baba,

Mwezi umepita tangu tukuzike hapa Nachingwea, na banda lako la video bado limefungwa. Benchi nimezipandisha juu ya matofali mchwa wasizile. Kila nikipita nasikia sauti yako ikitafsiri, nasimama njiani kama mjinga. Nimekukumbuka sana.

Jana nimeitazama ile filamu ya mahakama ya wanamaji. Ile ile iliyokuwa ikiniliza nikiwa na miaka minane, wewe umesimama kando ya televisheni na fimbo yako, unatutafsiria kesi ya baharia kijana aliyeshtakiwa kwa kukataa amri ya kapteni wake. Hakuna kati yetu aliyewahi kuona meli. Ukatuambia ni ghala la korosho linaloelea, tukaridhika. Mwisho kapteni anasimama mbele ya majaji, nawe unasema taratibu, "Nisamehe, mdogo wangu. Nilikusingizia."

Baba, kapteni hasemi kitu! Kiingereza ulinisomesha mwenyewe. Nimerudisha pale mara tatu. Anavaa kofia yake, anatoka. Nikacheka, halafu nikakasirika. Miaka yote hiyo ulitudanganya, mzee wangu.

Ndipo nikamkumbuka baba mdogo, benchi ya pili, kila Ijumaa baada ya swala, katoka Malolo kwa gari la mizigo. Hamkuwa mkisalimiana tangu mgombanie shamba la babu, ukaapa mbele ya baraza la kata kwamba mdogo wako amesogeza mpaka. Msimu uliofuata ukafyeka, ukakuta visiki vya minyaa ya mpaka pale pale alipopasema yeye. Ukamrudishia mistari miwili ya mikorosho. Neno la radhi halikutoka. Wewe na kiburi chako!

Leo asubuhi nimemfuata Malolo. Alikuwa anapulizia mikorosho unga wa salfa kwa mashine, uso wote wa njano. Nikamweleza habari ya kapteni. Akazima mashine.

"Nilikuwa najua, mwanangu. Mdomo wa yule mzungu pale mwisho haukufunguka hata siku moja. Nilikuwa nakwenda kumsikiliza baba yako."

Nikamuuliza mbona hakukujibu.

"Mbele ya watu wote wale? Nilimsubiri aje aseme hapa shambani."

Tukalia wote wawili, Baba, na salfa ikatuingia machoni.

Ijumaa nalifungua banda. Nitaiweka filamu hiyo hiyo, baba mdogo atakaa benchi yake, na nitatafsiri mimi. Nakuahidi sitapunguza neno lako hata moja. Kapteni ataomba radhi. Kisha baharia, ambaye siku zote ulimwacha kimya, safari hii atasema. Baba mdogo ameshaniambia cha kumtafsiria: "Nimekusamehe, kaka."

Pumzika, Baba. Mungu akunurishie kaburi.

Mwanao,
Somoe