Mawe Kando ya Mfereji

Mjukuu wangu Kendi,

Huku Mitunguu tuko salama. Nimeshtuka kusikia umefuta mistari mingi kwenye programu mnayoandika na wenzako wa nchi zingine, na bado inafanya kazi. Unauliza kama kulikuwa na maana kuifuta, maadamu mistari hiyo iliamuru tu kile ambacho programu hufanya yenyewe.

Nikiwa msichana, kila mwaka baba alipanga mawe kando ya mfereji ili maji yasiende kwa jirani. Shamba la jirani liko juu, maji hayawezi kupanda huko. Siku moja nikayatoa. Maji yakaja kwetu vilevile. Jirani, ambaye hakuwa akitusalimia kwa sababu ya mawe hayo, akasimama pale akamuuliza baba, "Sasa miaka hiyo yote ulikuwa unanifungia nini?"

Jioni baba alimpelekea mkungu wa ndizi.

Nyanya yako