Mudomo ya Doudou na Bomba ya Maji

Séphora, mujukuu wangu wa Pweto,

Jiko yangu ya Ruashi haibomolewe tena! Ile chumba ulinitafutia huko, urudishe.

Injenieri wa maji, ule alitaka kuibomoa, alirudi na karte yake, ramani ya mabomba: "Nkambo, bomba ya maji inapita chini ya jiko."

Nikamuuliza: "Nani aliiona?"

Akasema waliuliza jirani yangu Doudou bomba inapita wapi. Nikamuita. Doudou akaruka: "Nilikuwa nimebeba ndoo, nikaonyesha na mudomo. Mudomo yangu haikusimama ku jiko, ilikuwa inaenda ku barabara!"

Kumbe! Wafanyakazi wake wakachimba ku barabara, bomba ile pale. Injenieri akafuta jiko yangu mu karte, mi nikipiga vigelegele.

Na wewe uliyesoma, mbona uliniambia nihame bila kuuliza? Ukuye Krismasi, moshi ya jiko yangu ikulize kidogo.

Nkambo yako asiyehama,
Mapalo