Tangi Si Sufuria ya Mrenda

Kisaju,
9 Oktoba 2004

Kwa Mama yangu mpendwa,

Natumaini ulifika Ugunja salama, na kwamba magoti hayakukusumbua kwenye basi. Kuku uliwakuta wote, na yule ng'ombe ameshazaa? Sisi huku tu wazima wa mwili. Roho ndiyo imechafuka, kwa hivyo usishangae nikikuandikia huku nimekunja uso.

Mama, tangi limekufa. Ni lile tangi refu la spirulina, vile vijidudu vya kijani tunavyokuza majini, nyuma ya kanisa, ulilolitazama siku ya kwanza ukasema hukunisomesha hadi chuo kikuu nije kufuga uvundo wa kidimbwi. Ulipoondoka tu, maji yalianza kupauka, yakawa ya manjano, kisha yakatoa povu na harufu mbaya. Akina mama wa kikundi waliniangalia kama daktari aliyepoteza mgonjwa. Nilimkaripia Kimeu, mlinzi wetu, nikidhani ametia maji machafu ya korongo. Maskini alichorachora tu chini kwa rungu.

Nilipoyapima maji nilishika kichwa. Yalikuwa makali ya kuchubua mikono! Nilimbana Kimeu ndipo akasema kwamba asubuhi ya safari yako ulimwambia rangi ya tangi inaonekana hafifu, na kwamba mboga hubaki kijani kwa magadi. Basi ukaenda stoo ukamwaga gunia zima. Kimeu naye alikukorogea, kwa sababu kwao Machakos maharagwe hayaivi vizuri bila magadi, na isitoshe, nani angemzuia mama ya bosi? Hata ndoo ya mbegu ya akiba, ile ya kuanzishia tangi upya, hukuisahau, nayo ukaitilia.

Mama, lile tangi si sufuria ya mrenda! Nilikueleza, ukaitikia ee, ee, huku ukichambua mboga. Wacha nirudie. Vijidudu vile hujipikia chakula kwa mwanga wa jua, kama jani la mhindi. Lakini jua ni moto tu. Unga wao ni kaboni, ile inayotoka kwenye pumzi zetu. Maji yenye magadi ya kiasi huihifadhi kaboni hiyo, na wao wana ufundi wa kuitwaa humo kuliko mimea mingine mingi ya majini. Ndiyo maana wanastawi katika maji machungu yanayowashinda wengine. Magadi yakizidi, kaboni hugeuka ikawa ya namna wasiyoweza kuitwaa. Moto unawaka, unga hakuna, sufuria inaungua. Jua lile lile lililowalisha ndilo lililowababua.

Wakubwa wa mradi wanakuja kutoka Kajiado mwisho wa mwezi. Wamesema wakikuta maji matupu, kazi yote itahamishiwa Bisil, na unga wa kijani tunaotia kwenye uji wa watoto wa hapa utakoma. Unamkumbuka mtoto wa Evalyne, uliyembeba kanisani ukasema ni mwepesi kama kifaranga? Alikuwa ameanza kutembea. Nilikasirika sana, Mama. Jumapili hata kukuombea nilishindwa.

Jana Kimeu alirudi akasema ana neno lililobaki. Kabla hujamwaga magadi, uliteka maji ya tangi kwenye chupa ya juisi, ukaifunga ndani ya kitenge. Ukamwapisha asiniambie, kwamba unakwenda kuwaonyesha akina mama wa kanisa la Ugunja kazi anayofanya binti yako. Nilikaa kwenye ukuta wa tangi nikalia, kisha nikacheka. Mbele yangu ni uvundo, kumbe nyuma yangu unautembeza kwa maringo.

Chupa hiyo ndiyo mbegu pekee tuliyobaki nayo. Nakusihi, legeza kifuniko ipumue, iweke dirishani pasipo jua kali, itikise asubuhi na jioni. Usimpe mtu anywe. Na hata ukiona inapauka, kwa jina la Mungu, usiitie magadi.

Omolo, mwenzangu wa kazini, ndiye anayekuletea barua hii. Mpe chupa arudi nayo. Au afadhali njoo naye, uipakate mwenyewe, uimimine kwa mkono wako na akina mama wa hapa wakiona. Evalyne anakuulizia.

Wasalimie jirani wote na wale wa kanisa. Kimeu anakusalimu kwa heshima na woga. Magadi yaliyobaki nimeyafungia, na ufunguo ninalala nao.

Ni mimi binti yako, ambaye hasira bado haijamwisha,
Ajwang