Nani Alikuwa wa Zamu

Jumanne, 11 Juni
Sijawahi kumwambia mtu jambo hili. Kila kengele ya shule ikilia, nasema jina la Otieno moyoni mara saba. Nikikosea hesabu, naanza upya. Otieno ni mdogo wangu. Ana selimundu, ule ugonjwa wa damu. Naamini nikiacha, atakufa.

Leo nilikosea mara mbili. Githeri yangu ya mahindi na maharagwe ikapoa. Mercy aliona midomo yangu ikicheza. "Pasta, unaombea hadi maharagwe? Hayo yalishakufa." Meza nzima ikacheka. Nikaanza upya.

Jumatano, 12 Juni
Nimesinzia darasani, baada ya chakula. Kengele mbili zimelia bila mimi.

Alhamisi, 13 Juni
Madam Akoth, mwalimu wa dini, ndiye wa zamu wiki hii. Ameniita ofisini. Mama amepiga simu kutoka Migori. Otieno amelazwa. Kifua. Anahitaji damu. Ilianza jana alasiri.

Jana alasiri. Ni mimi.

Ijumaa, 14 Juni
Damu ya kundi lake haijapatikana. Naogopa. Mwandiko wangu mwenyewe siwezi kuusoma.

Nilienda kumwomba Madam Akoth ruhusa ya kwenda nyumbani, nikaishia kulia. Nikamwambia yote, hata kengele. Nilidhani atacheka. Akafunga daftari alilokuwa akisahihisha.

"Otieno ana miaka mingapi?"
"Tisa."
"Ulianza kuhesabu lini?"
"Form One. Miaka miwili sasa."
"Na ile miaka saba ya kwanza, nani alikuwa wa zamu?"



Madam akasema Mungu ndiye mwenye enzi, na zamu yake haiishi. Anaweza kumponya Otieno. Anaweza pia kumchukua. "Atafanya lipi, mimi sijui. Lakini hangojei kengele yako."

Bado naogopa. Ila jana niliogopa kama muuaji. Leo naogopa kama dada.

Jumamosi, 15 Juni
Damu imepatikana asubuhi. Anaongezewa. Nilimuuliza Mama kwa simu kama atapona. "Bado sijui, nyathina, mwanangu. Tungoje."

Kengele ya chakula ililia. Nilifika mara ya tatu, nikaacha. Nikasema moyoni: Wewe ndiwe wa zamu. Nikachukua sahani, nikapanga foleni nyuma ya Mercy. Githeri ilikuwa ya moto. Nikala.