Kuku Wangu Walikula Nini?

Jumamosi, mwisho wa Januari. Ukungu haujaondoka Mbinga tangu asubuhi, na kichwani mwangu ni hivyo hivyo.

Kuku wangu mia mbili wa nyama niliwauza wote kabla ya Mwaka Mpya. Nilitoa hela ya vifaranga, chanjo na chakula cha dukani, bado ikabaki bahasha nene. Nikasema, kumbe ufugaji unalipa. Nikalitangaza hadi kwenye jumuiya yetu ya kanisani, maana mdomo wangu hauna breki.

Kesho, baada ya sala, akina mama watatu wananiletea hela yao ya mauzo ya kahawa niwaagizie vifaranga Songea.

Leo mchana mama mkwe alitoka ghalani na debe tupu mkononi. Mahindi yale tuliyalima pamoja, yeye na mgongo wake ule unaomsumbua.

"Mama Odilo, hao kuku wako walikula nini?"

Nilitaka kumjibu kwamba walikula chakula cha dukani. Nikakumbuka. Kilipopanda bei nilianza kuchota ghalani, debe moja moja, nikasaga na kuchanganya na dagaa alionitumia dada yangu kutoka Liuli. Mkaa wa kuwapasha vifaranga joto, kwa baridi hii ya kwetu, ulikuwa wa jikoni. Vyote hivyo sikuviandika popote. Cha nyumbani nacho kina bei?

Nimeona aibu.

Nikachukua bahasha, nikaenda sokoni kununua mahindi ya kurudisha ghalani. Miezi hii yanaringa kwa bei. Nikanunua gunia la kwanza, nikanunua la pili, bahasha ikaisha. Na nikihesabu yale madebe, kuku walikula magunia manne.

Hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Kuku walinenepa, niliwaona. Wateja walisifu, hela niliishika kwa mikono yangu. Sasa nilifuga kuku, au niliuza mahindi yetu kwa hasara yakiwa yameota manyoya?

Labda ningefuga wakati wa mavuno, mahindi yakiwa bei ya chini, ingelipa. Labda hata hapo mkaa ungenimaliza. Mume wangu anasema ni bahati mbaya tu. Mama mkwe aliyapima magunia yale mawili kwa debe lile lile, na hilo ndilo linaniuma.

Wale akina mama watatu nao wana maghala nyumbani, na wakwe.

Wataniuliza kama inalipa. Lile debe tupu nimeliweka mlangoni, kesho nakwenda nalo kwenye sala, walione kabla hawajanipa hela.