Kapu au Pesa

Jumatatu, 9 Juni
Tumepita! Ujumbe umeingia nikiwa na mapovu hadi viwikoni — nguo za watu nikaziacha kwenye beseni. Serikali itatusaidia! Ila kila kaya ichague kimoja: kapu la chakula kila mwezi, au pesa kwenye simu. Mwisho Ijumaa, na hakuna kubadili mwaka mzima. Mimi — pesa! Mama mkwe akacheka. Kwanza tukaone, akasema, mbuzi hanunuliwi kwenye gunia.

Jumanne, 10 Juni
Miguu imekufa, lakini loo, huyu mama! Kanipeleka hadi ghala la makapu. Hakuanza kwa maswali. Kachota maharage kiganjani, kang'ata moja. Akamwuliza mtunza ghala: baba, haya yalistaafu mwaka gani? Foleni nzima hoi kwa kicheko. Maharage ya zamani hayaivi upesi, kaniambia, yatatumalizia mkaa. Lakini unga akausifu — mweupe, hauna mdudu. Mafuta pia. Kila mwanamke aliyetoka na kapu alisimamishwa, akahojiwa, akaachwa anacheka. Hakusoma hata darasa moja. Ningekuwa na madaraka ningempa wizara.

Jumatano, 11 Juni
Leo zamu ya pesa. Tumekwenda kwa jirani fundi cherehani, yeye anazipokea. Anazisifu: zimemnunulia sare za shule, dawa ya kifua, hata pasi. Ila huchelewa, na bei ya unga haimngoji mtu. Jioni mama akatoa hukumu. Pesa ni ileile, muwe wawili au saba. Kapu linahesabu midomo — na sisi tuko saba. Kapu! Watoto hawatafuni simu, akasema. Nikanyoosha mikono. Nani atambishia?

Alhamisi, 12 Juni
Nimelia. Niliingia chumbani kwake kuchukua shuka za kufua, nikamkuta na wembe — anakata vidonge vyake vya presha katikati. Vya bure viliisha zahanati tangu Aprili. Ananunua mwenyewe, kwa hiyo anameza nusu. Miezi miwili! Na mimi nalala chumba cha pili! Pesa ingenunua vidonge, kapu halina vidonge, na alilijua hilo kabla ya kung'ata lile harage. Nikamwambia hivyohivyo. Nusu inanitosha, akajibu, mwenyewe nimebaki nusu. Akanikataza kumwambia mwanawe, mume wangu, ambaye yuko safarini anapaka rangi majengo ya watu. Nina hasira naye. Nampenda mno.

Ijumaa, 13 Juni
Ofisini, kwenye benchi. Tuna namba 41, sasa wako 38. Simu ni yangu, saini ni yangu. Nimemnong'oneza: mama, leo nasaini pesa. Akajifanya anafunga vizuri kitambaa cha kichwa. Watoto kwanza, anasema, mimi chumvi nimeshaila. Nikasema, na ukianguka, nani atabaki nao nikienda kufua? Kaikunja karatasi ya namba, kaikunjua. Miaka kumi na moja sijampinga, hata juu ya kukata kitunguu. 40. Karani ana fomu mbili mezani, ya kijani ya kapu na nyeupe ya pesa. 41! Nimesimama — kanishika mkono wa kushoto, haachii, ule wa kusaini kauacha huru, naye anasimama.