Risasi Arobaini za Baba Mkwe

Kosa la wengi wanaoanza kujitengenezea risasi nyumbani ni kudhani kwamba urefu wa risasi ni kitu cha kunakili, kama mtu anavyonakili vipimo vya keki. Wanauona mahali, wanauamini, wanaendelea na kazi. Barua ya safari hii imetoka kwa mmoja wao, mkazi wa upande wetu huu wa Montana. Majina nimeyabadilisha.

*

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla msimu wa kuwinda elki, wale kulungu wakubwa, haujafunguliwa, maana nimefanya jambo na sijui nilitangue vipi bila kuumiza mtu. Nakuandikia nikiwa chumba cha chini, mbele ya mashine ya marehemu mama mkwe wangu Bernice, ambaye kwa miaka arobaini ndiye aliyewatengenezea risasi watu wote wa nyumba hii, na alipofariki mwezi wa nne baba mkwe wangu Arvid alinishika mkono akasema, "Marit, mwanangu, meza hii sasa ni yako, mimi za dukani sizitaki," nami nikakubali kwa furaha ingawa nilikuwa nimezoea kumtazama tu Bernice, mwenyewe sijawahi kutengeneza hata moja.

Ndani ya mlango wa kabati imebandikwa kadi aliyoiandika kwa mkono wake, baruti kiasi hiki, kichwa cha risasi aina hii, urefu wa risasi nzima huu, na chini yake "Arvid, elki", basi nikaifuata neno kwa neno, isipokuwa vichwa alivyokuwa akivitumia havipatikani tena, nikanunua vingine vya uzito uleule, ila hivi vina mabega mapana na ncha butu, na pia sikukumbuka kwamba mwaka jana bunduki ya Arvid ilibadilishwa mtutu.

Jumapili baada ya chakula tukatoka kwenda malishoni kujaribu, Arvid akatia risasi ya kwanza, bolti, lile komeo la nyuma ya mtutu, ikagoma kufunga, akaisukuma kwa kiganja, na shemeji yangu Dell hapohapo akaanza, "Shemeji, hizi ni risasi au soseji?" Arvid akamwambia, "Nyamaza wewe, hata mayai ya kuchemsha yanakushinda," tukacheka, kisha mbwa akakatiza mbele ya shabaha, Arvid akafungua bolti bila kufyatua, na likatoka ganda peke yake, kichwa kimekwama mtutuni na baruti yote imemwagika ndani ya bunduki. Tukakitoa kichwa kwa ufito wa kusafishia, na Dell akasema, "Si uzisukume ndani kidogo tu, kwisha maneno."

Nikarudi chini nikavisukuma ndani zaidi vichwa vya risasi zote arobaini zilizobaki, baruti sikuigusa, nikampa Arvid boksi lake, naye akaliandika kwa kalamu "za Marit" na kuliweka garini. Jana ndipo niliposoma kwenye kitabu cha vipimo kwamba kichwa kikiingia ndani zaidi nafasi ya baruti hupungua na shinikizo linaweza kupanda, na kile kiasi cha Bernice ndicho cha juu kabisa kitabuni. Ijumaa ya wiki ijayo anaondoka kwenda kambini. Nikisema, Dell atanicheka mpaka Krismasi, hilo nitalimeza, lakini Arvid ataona ninamkosoa Bernice, na kadi ile ndiyo kitu pekee alichokataza kisiguswe, na pengine atajuta kunipa meza. Dell anasema tofauti yenyewe ni unene wa karata mbili tu. Je, ninyamaze?

Marit

*

Marit, usinyamaze. Na kama ungeniandikia namba yako ya simu, nisingengoja gazeti la Jumatano kukwambia hivyo.

Tuanze na Bernice, kwa sababu naona ndiye aliyekufunga mdomo. Kadi yake haina kosa. Ilikuwa kweli kwa kichwa kile na mtutu ule. Mtutu uliopiga risasi miaka mingi huliwa na moto pale mbele ya chemba inamokaa risasi, mifuo yake, ile mistari iliyochongwa ndani, ikasogea mbele, na risasi ndefu ikapata nafasi. Mtutu mpya haujaliwa. Juu ya hapo wewe ukaweka kichwa chenye mabega mapana. Urefu wa risasi nzima tunaupima kutoka kitako hadi ncha, lakini ncha haigusi mifuo. Kinachogusa ni bega, pale kichwa kinapofikia unene wake kamili. Chukua kichwa chembamba na kichwa butu, vya uzito mmoja, uvikalishe kwa urefu mmoja. Ncha zitalingana, bega la kile butu litakuwa limetangulia mbali. Ndiyo maana chako kilijikaza mtutuni. Kingefyatuliwa pale, gesi ingekikuta kimeshabanwa, na shinikizo lingepanda kabla hakijaanza kwenda. Mpe yule mbwa mfupa.

Hilo la kwanza nakusamehe. Mimi mwenyewe, mwalimu wa fizikia, niliwahi kulifanya nilipokuwa naanza. La pili sikusamehe upesi. Uliona dalili, ukaiondoa dalili, ukadhani umetibu. Ganda ni chumba chenye dari, na kichwa ndicho dari. Ulipokisukuma uliishusha dari, na baruti ukaiacha ileile. Je, bunduki ingepasuka? Sijui. Wewe hujui, na Dell, pamoja na karata zake, hajui. Risasi ambayo hakuna anayejua itafanya nini haitiwi kwenye bunduki, na uso wa Arvid utakuwa shibiri moja tu nyuma ya bolti hiyo.

Zote arobaini zinavunjwa. Humo ndani nina hakika Bernice ana ile nyundo ya kung'olea vichwa. Vaa miwani, ng'oa moja moja, na baruti yake usiirudishe kwenye kopo lolote ambalo huna hakika nalo. Kisha fungua kitabu kwenye ukurasa wa kichwa hichohicho ulichonunua. Uzito kulingana hakutoshi. Anza na baruti ya chini kabisa iliyoandikwa hapo, kisha uongeze kidogokidogo.

Urefu utautafuta hivi. Tengeneza risasi moja ya uongo, ganda na kichwa tu, bila baruti wala fataki ya kuiwasha. Ipake kichwa wino mweusi wa kalamu ya maka, itie taratibu kwenye bunduki ya Arvid, itoe, uitazame. Wino ukiwa umekwaruzwa begani, kichwa kinagusa mifuo. Kisukume ndani kidogo, paka tena, rudia mpaka mkwaruzo uishe, halafu ongeza nafasi kidogo. Hakikisha inaingia kwenye magazini, kile kisanduku cha risasi cha bunduki, na isiwe fupi kuliko kitabu kinavyosema. Pima kwa kalipa, kile kipimo cha taya mbili, kutoka kitako hadi begani, na upime kila risasi utakayotengeneza, usiridhike na ya kwanza. Siku ukibadilisha kichwa, mtutu au urefu, unarudi kwenye baruti ya chini. Hapa sina mzaha.

Hayo hayatakamilika kabla ya Ijumaa, na usijaribu kuyaharakisha. Msimu huu Arvid atapiga za dukani. Atanung'unika. Mwache anung'unike, elki hasomi maandishi ya boksi.

Sasa utamwambiaje? Usizunguke, na usianze kwa kulia. "Baba, kadi ya mama ni ya mtutu wa zamani. Mimi nimeitumia kwenye mpya, kisha nikarekebisha vibaya. Usizipige." Basi. Kadi ibaki ilipo. Ya kwako utaandika nyingine, yenye jina la kichwa, tarehe ya mtutu na kipimo cha bega, uibandike pembeni. Kama namfahamu mzee wa aina ya Arvid, atakunywa kahawa yake, kisha atakuuliza umejuaje. Mweleze. Mtu hujuta kumpa meza yule anayeficha, na wewe bado hujaficha, umechelewa tu siku kadhaa. Dell akikucheka, mpe nyundo, avunje ishirini.

Ukimaliza kusoma hapa, leo hii, nenda kwa Arvid ukalitoe lile boksi garini mwake.